Daftari Lisilo na Majina

Mama Suzanne wa Swima alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna dawa iliyowahi kuuponya: alipenda kuandika. Si barua, wala mashairi. Alipenda mistari. Ukimpa karatasi nyeupe, kwanza atatafuta rula, na akikosa rula atachukua ukingo wa kipande cha bati, apige mistari ya kusimama na ya kulala mpaka karatasi iwe na vyumba, ndipo atulie. Dada zake, ambao walikuwa wakianika ndagala, vile visamaki vidogo, ufukweni, walimcheka. Walisema Suzanne akiachiwa ungo wa ndagala atampa kila mmoja tarehe ya kuvuliwa. Yeye hakujali. Alisema kichwa chake kinavuja na karatasi haivuji, basi.

Ugonjwa huo aliupata shule ya uuguzi, na ukamkolea kabisa alipokabidhiwa nyumba ya wazee ya Baraka.

Nyumba ya wazee! Zamani ungetamka maneno hayo kwetu ungeulizwa kama umelewa. Mzee ana watoto, ana wajukuu, ana wakwe. Akiugua anazungukwa mpaka anaomba apewe nafasi ya kupumua. Lakini vita vya mwaka wa tisini na sita, kisha vile vya tisini na nane, viliwazoa watu wa Fizi na Baraka na kuwavusha ziwa mpaka Tanzania. Wenye boti walikuwa wakitazama miguu. Mwenye kutembea, panda. Asiyeweza kutembea, ngoja safari ya pili. Basi wapo walioingoja hiyo safari ya pili ufukweni siku nne, wamefunikwa shuka, na sufuria la muhogo pembeni, na boti haikurudi. Ndio hao ambao kanisa liliwaokota na kuwaweka katika ghala la zamani nje kidogo ya mji.

Ghala lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye milango miwili, mmoja unatazama barabara na mwingine unatazama ziwa. Ndani vilipangwa vitanda sita vya chuma, safu moja kutoka mlango mpaka mlango, na kila kitanda Suzanne alikipaka namba kwa rangi nyeupe. Wagonjwa sita, vitanda sita, na Suzanne. Na Bertin, mtu wa moteri, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha jenereta inanguruma na mazutu, yaani dizeli yake, hayaibiwi.

Jenereta yenyewe ilikuwa ya kazi moja tu. Wazungu fulani wa msaada waliondoka mbio siku moja, wakaacha mashine ya oksijeni, kiasi cha kabati dogo lenye magurudumu. Inavuta hewa hii hii tunayovuta wewe na mimi, inaichuja, na upande wa pili inatoa hewa kali inayopita kwenye mrija mpaka puani mwa mgonjwa. Mbele yake kuna bomba la kioo lenye mistari, moja mpaka tano, na ndani kigololi kidogo. Ukizungusha kitufe, kigololi kinapanda. Kikifika mstari wa kwanza ni lita moja kwa dakika, wa nne ni lita nne.

Bertin aliona jambo hilo ni uchoyo mtupu. Kama hewa ipo na mazutu yapo, kwa nini mtu apewe lita moja na kigololi kinaweza kupanda mpaka tano?

"Mama Suzanne," alimuuliza, "hewa ya Mungu nayo munaipimia batu?"

Suzanne alimjibu kwa muda wa saa nzima, na Bertin hakurudia swali.

Majibu yale aliyapata kwa Daktari Casimir. Huyu alikuwa daktari mmoja kwa pwani nzima, mtu mwembamba mwenye pikipiki iliyofungwa kwa waya, anayefika mara mbili kwa mwezi kama njia haijafungwa. Daktari Casimir alisema oksijeni ni dawa, sawasawa na kwinini. Haitolewi kwa huruma. Inatolewa kwa agizo lililoandikwa: lita ngapi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, dalili zipi zikionekana mwuguzi apunguze, zipi zikionekana aongeze, na chini kabisa sahihi ya daktari. Bila sahihi, asiguse kitufe. Na kila akiwasha aandike: saa ya kuwasha, kigololi kiko wapi, pumzi ngapi kwa dakika, kucha zina rangi gani, saa ya kuzima. Suzanne alimsikiliza kwa furaha ya mtu aliyepata mwenzake. Siku ile ile alipiga mistari kurasa arobaini.

Wagonjwa wa mashine walikuwa wawili tu.

Wa kwanza alikuwa Mama Anastasie, mjane wa mvuvi, Mbembe wa hapo hapo Baraka, mdomo wake mkali kuliko kisu cha kupasulia samaki. Moyo wake ulikuwa umechoka na mapafu yanaingia maji. Asipopata lita nne asubuhi nzima, kucha zake zilikuwa nyeusi kabla ya saa sita.

Wa pili alikuwa Baba Gakunzi. Huyu alikuwa mtu wa milimani, wa wale wafugaji wanaosema Kinyarwanda, lakini kwa miaka arobaini alikuwa akishuka na maziwa na ng'ombe mpaka soko la Fizi, na Kibembe alikijua hata matusi yake. Vita vilipowafukuza watu wake yeye alikuwa hoi kwa kifua, na hakuna aliyeweza kumbeba kupanda mlima. Mapafu yake yaliharibiwa na moshi wa vibanda na kiko cha miaka mingi. Agizo lake lilikuwa la ajabu kidogo: lita moja, mchana mpaka jioni, na chini yake daktari alipiga mstari mara mbili. Mwili wa mzee huyu, alieleza, umezoea hewa kidogo mpaka hewa kidogo ndiyo inayomkumbusha kupumua. Ukimmwagia nyingi, mwili unaona umeshiba, unaacha kazi. Ataumwa kichwa, atasinzia, na usingizi huo hataamka.

Mwanzoni daftari lilikuwa na majina. Kisha siku moja zikaja habari kutoka zahanati ya kijiji kimoja, na Suzanne mpaka leo hakitaji kijiji hicho. Watu wenye bunduki walikuwa wameingia pale, wakachukua daftari la wagonjwa, wakaketi, wakasoma majina moja baada ya lingine kwa sauti. Kila jina lililosikika kuwa la milimani, waliuliza huyu anakaa wapi.

Suzanne alifunga mlango, akafungua daftari lake. Mstari wa pili, kwa mwandiko wake mzuri: Gakunzi, mwanaume, miaka sabini na minne. Mistari yake, ambayo aliipiga ili watu wapone, ingeweza kumtoa mzee huyu kitandani na kumpeleka nyuma ya ghala.

Alinakili daftari zima upya bila jina hata moja. Kitanda cha kwanza, kitanda cha pili, mpaka cha sita. La zamani alilichoma jikoni, na alilia, maana katika maisha yake hakuwahi kuchoma hata ukurasa. Lakini kichwa chake si kinavuja? Basi alichukua kipande cha karatasi, akaandika namba sita na majina sita, akakikunja mara nne, na kukishonea ndani ya pindo la kitenge chake. Hakumwambia mtu, hata daktari. Wazee aliwaambia kwamba tangu siku hiyo katika nyumba ile watu hawaitwi majina, wanaitwa namba. Walikubali bila kuuliza. Gakunzi akawa Muzee wa Pili, na Anastasie akawa Mama wa Tano.

Namba hazikuwanyamazisha hao wawili. Kila siku ya Mungu walitupiana maneno juu ya vitanda vilivyokuwa katikati yao. Anastasie atauliza kama ni kweli watu wa milimani wanaoga mvua ikinyesha tu. Mzee atajibu, kwa pumzi tatu tatu, kwamba kuoga kila siku ni dawa ya watu wanaonuka samaki. Wale wengine wanne walikuwa wakisubiri mchezo huo kuliko uji. Suzanne aliwakemea kwa ajili ya pumzi zao, kisha akatoka nje kucheka.

Mwezi wa saba mwaka wa elfu mbili, Jumapili, risasi zikasikika upande wa vilima. Safari hii wavuvi hawakutazama miguu. Waliwabeba wazee wote sita mgongoni, wakawaingiza katika mitumbwi, wakavuka nao mpaka rasi ya Ubwari, kwa Henri, binamu yake Suzanne. Suzanne alikuwa na daftari ndani ya beseni, na beseni kichwani. Maji yalikuwa mabaya siku hiyo. Mawimbi yaliwalowesha wote mpaka kiunoni, lakini daftari lilifika kavu. Bertin alibaki nyuma kidogo. Alitumbukiza mashine na jenereta ndani ya shimo la choo kipya ambacho hakijaanza kutumika, akafunika kwa mabati na udongo, na juu akamwaga vitu ambavyo hatutavitaja, ili mwizi asitamani kuchimba.

Huko Ubwari walikaa siku tisa bila mashine. Gakunzi alistahimili. Anastasie alikaa ameegemea ukuta mchana kutwa, kucha nyeusi, hana nguvu ya kumtukana mtu. Siku ya sita Suzanne naye akaangushwa na malaria, homa ya kumtikisa mpaka mkeka ukalia. Ikawa bahati kwamba katika waliokimbilia pale alikuwamo Aline, mwuguzi kijana kutoka Kilembwe, aliyefika kwa miguu na viatu vyake mkononi. Msichana alikuwa na diploma, ana akili, na mikono safi.

Siku ya tisa ikasemwa Baraka imetulia. Anastasie hakuwa wa kungoja tena. Bertin akatayarisha mitumbwi, na Aline akainama juu ya mkeka wa Suzanne kuuliza awafanyieje wagonjwa wa mashine. Suzanne, macho yamefumba, meno yanagongana, alimpa beseni lenye daftari.

"Fwata kaye," alimwambia, kidole juu ya daftari. "Yote imeandikwa. Usitoke inje ya kaye."

Na wakaenda. Homa ilimwachia Suzanne siku mbili baadaye, asubuhi, naye akaketi kunywa uji kwa mara ya kwanza. Henri alikuwa ametoka Baraka alfajiri hiyo hiyo kuuza samaki, na alileta habari njema. Mashine imefukuliwa, inafanya kazi. Moteri ameisikia kwa masikio yake. Wazee wamerudi kila mtu mahali pake pa zamani, wamezoea. Ila vitanda havipo. Wezi wamebeba vyote sita, chuma na mbao, hata misumari. Wazee wanalala kwenye mikeka.

Suzanne alicheka kidogo. Kisha akaweka kikombe chini.

Namba zilikuwa kwenye vitanda. Vitanda vimeondoka na namba zake. Aline ana daftari linalosema kitanda cha pili na kitanda cha tano, na mbele yake kuna mikeka sita. Atafanyaje? Hatawauliza wazee walio hoi wakati daftari liko mkononi. Atahesabu. Mtu yeyote mwenye akili atahesabu. Na atahesabu kuanzia mlangoni. Mlango upi? Watu wote duniani huingia ghala lile kwa mlango wa barabara. Ni Suzanne peke yake, mtoto wa ziwa, aliyekuwa akiingia kwa mlango wa ziwani, na siku ile ya rangi alianza kupaka kutokea hapo hapo, bila kufikiri.

Alinyoosha vidole sita juu ya goti. Wa pili kutoka ziwani. Akahesabu kutoka upande wa barabara: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Akarudia. Kila akirudia mzee Gakunzi anakuwa wa tano, na wa tano ana lita nne, na Anastasie, anayezihitaji hizo nne, anakuwa wa pili na kupewa moja. Na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia msichana asitoke nje ya daftari.

Alisimama akishika ukuta. Henri alimwambia anywe uji kwanza. Alimwambia Henri atafute kasia.

Mtu anayesafiri na hofu hana la kufanya njiani, na mtumbwi hauna mahali pa kutembeatembea. Suzanne alishika pindo la kitenge chake, akapapasa ile karatasi kwa vidole njia nzima. Iko hapa. Majina yote yako hapa, kwenye kiuno cha mwanamke aliyelala Ubwari na homa, wakati watu wenyewe wako Baraka. Alimwona Gakunzi ameinamisha kichwa, anasinzia, na Aline anaandika kwa uaminifu: saa tatu, lita nne, mgonjwa ametulia. Bila shaka ataandika hivyo. Suzanne mwenyewe angeandika hivyo hivyo. Nimemficha wasimwue, aliwaza, na sasa nimemwua mimi kwa rula yangu. Alilia bila kujificha, na Henri, ambaye ni mtu wa maneno mengi, alikuwa na heshima ya kutazama upande mwingine na kuvuta kasia.

Jua lilikuwa limepita utosini walipofika. Suzanne hakungoja mtumbwi uguse mchanga. Alipanda ule mteremko maji yakimtiririka, anashikilia vichaka, na jambo la kwanza alilosikia lilikuwa moteri. Ilikuwa saa nane kasoro, saa ya kitanda cha pili. Mtu fulani sasa hivi ana mrija puani, na Suzanne hakujua ni nani.

Kisha akasikia sauti. Ilikuwa nyembamba, inakatika kila baada ya maneno matatu ili kuvuta pumzi, na ilikuwa ikieleza, kwa Kiswahili cha milimani, kwamba ndagala si nyama hata kidogo, ni majani ya majini yaliyoota macho.

Suzanne aliketi palepale, kizingitini pa mlango wa ziwani. Alicheka, akafuta machozi kwa kiganja, akacheka tena, na wazee sita wakageuza shingo kumtazama. Kigololi kilikuwa kwenye mstari wa kwanza. Kucha za Anastasie zilikuwa na rangi ya kucha za binadamu.

"Karibu, Mama Suzanne," alisema Gakunzi. "Ukuye usikie vile banatesa muzee."

Aline ndiye aliyesimulia yaliyotokea. Ndiyo, alihesabu kutoka barabarani. Siku ya kwanza mchana alimpa Anastasie lita moja, na Anastasie, aliyekuwa hajiwezi kwa safari, hakuweza hata kufungua kinywa. Kesho yake asubuhi akamhamishia mashine yule mzee, akazungusha kitufe mpaka mstari wa nne, kama ilivyoandikwa, akaandika saa. Phonie ya parokia, redio ile waliyokuwa wakimwitia daktari, nayo ilikuwa imeibiwa. Hakuna wa kumuuliza ila daftari; hata Bertin alikuwa ametoka kutafuta mazutu. Mzee alitulia. Akaonekana amepata nafuu. Wakati huo mlangoni upande wa barabara aliketi mwanaume mmoja wa karibu miaka thelathini, jina lake Eugène, mpiganaji wa huko huko, bunduki katikati ya magoti, amekuja kufungwa kidonda cha mkono. Aline alikuwa anamfunga bendeji.

Ndipo Anastasie akaanza kumtukana yule mzee. Kwa sauti ya chini, pumzi hana, lakini alimtukana. Alimwambia habari ya mvua na kuoga. Kimya. Alimwambia ng'ombe wake walikufa kwa aibu ya kuwa na bwana mvivu. Kimya. Akamwambia jambo la tatu, ambalo Aline hakukubali kulirudia mbele ya Suzanne. Mzee hakufungua hata jicho.

Aline alidhani ni ugomvi wa wazee. Aligeuka tu aliposikia kitu kinakwaruza sakafu. Ni Anastasie, ametoka kwenye mkeka wake, anajiburuta kwa viwiko kuelekea mashine iliyokuwa katikati ya chumba. Alifika, akashika kitufe, akakirudisha mpaka kigololi kikakaa kwenye mstari wa kwanza. Aline akamkimbilia kumzuia: daftari linasema kitanda cha tano ni lita nne. Na yule mama, amelala kifudifudi, mkono juu ya kitufe, alisema kwa nguvu zote alizokuwa nazo:

"Nimemutukana mara tatu, hajajibu. Ule hapana lala, ule anakufa. Miezi munane niko naangalia hii kagololi. Yake ni mustari moja, yangu ni ine. Ule si kitanda ya tano. Ule ni Gakunzi."

Jina likatoka. Lilitoka kwa sauti, mchana kweupe, hatua sita kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Aline hakuwa anajua siri ile, lakini alitoka Kilembwe, jina la namna hiyo alilielewa mara moja. Wazee wengine walitazama dari.

Eugène alimalizia mwenyewe fundo la bendeji yake kwa meno.

"Muzee wa maziwa," alisema. "Tulijua zamani, mama. Tukitoka masomo pale Fizi alikuwa anatupatia ya bure. Baraka yote inajua kama eko hapa."

Akamwuliza Aline kama atamwamsha mzee au ataendelea kumtazama yeye.

Walimwamsha. Walimketisha, Aline upande huu na yule mpiganaji upande ule, wakamsemesha, wakampangusa uso kwa maji, mpaka baada ya muda mrefu Gakunzi akafungua macho, akalalamika kichwa kinamuuma, akauliza nani huyo anayesema habari ya ng'ombe wake. Anastasie akaanza kulia. Jioni ile ile alipewa lita zake nne, nje ya ratiba, na asubuhi rangi ya kucha ikarudi.

Suzanne alisikiliza yote hayo mpaka mwisho. Baraka yote! Miezi yote hiyo alikuwa amelala na kuamka na siri ile, ameogopa kikohozi cha kila mpita njia, na kumbe muuza muhogo alijua, wavuvi waliombeba mgongoni walijua, wanawake wa kisimani walijua. Kila mmoja alijua na kila mmoja alifunga kinywa chake mwenyewe, bila kikao wala kuambizana. Wangekuwako wageni wenye bunduki na daftari, jina lingeua. Hilo alikuwa na haki kuliogopa. Lakini hakuwa peke yake hata siku moja. Kitu fulani kizito kilimtoka mabegani, na hakujua kama acheke au akasirike.

Ndipo Aline akamletea daftari, ameinamisha macho. Alisema aliona lazima iandikwe, kwa sababu alikuwa amebadilisha lita bila daktari, na mama alimwambia asitoke nje ya daftari. Ukurasa wa siku ile, chini ya mistari mizuri ya Suzanne, ulisomeka hivi: *Gakunzi. Lita moja. Anastasie. Lita nne. Agizo limetolewa na: Mama Anastasie.* Na mahali pa sahihi ya daktari kulikuwa na alama ya dole gumba, nene, ya wino wa bluu.

Jamani. Suzanne, ambaye aliwahi kumrudisha Daktari Casimir kutoka kwenye pikipiki kwa sababu alisahau kuandika saa, alitazama lile dole gumba dakika nzima.

Daktari alifika siku tatu baadaye. Alisikiliza kifua cha mzee, akasikiliza cha mama, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana hata viti viliibiwa, akafungua daftari. Aliposoma ule ukurasa, nyusi zilipanda. Aliuliza huyu daktari mpya amesomea wapi. Anastasie, kutoka mkekani, alimjibu kwamba amesomea hapo hapo, kwa kuangalia.

Lakini daktari hakucheka muda mrefu. Aligonga jina kwa kidole, akasema kwa sauti ya chini kwamba wanaojua na kunyamaza ni watu wa hapa, na vita havijaisha, na wa hapa sio peke yao wanaopita. Alimtazama Suzanne. Je, waupasue ukurasa?

Suzanne alikuwa ameshachukua wembe mkononi. Ilikuwa kazi ya sekunde moja, na mara hii asingelia. Gakunzi ndiye aliyenyanyua kiganja. Alingoja pumzi, kwa sababu alitaka kulisema lote bila kukatika.

"Muache, docteur. Mi nimechoka kuwa kitanda. Na kitanda yenyewe bameiiba."

Daktari Casimir aliweka daftari juu ya goti. Kisha akatoa kalamu, na chini ya dole gumba la Anastasie akaandika kwamba agizo ni sahihi na analithibitisha, akaweka tarehe, akaweka saa bila kukumbushwa, akatia sahihi yake. Tangu siku hiyo aliongeza sheria moja: kila agizo la oksijeni lisomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa mwenyewe na mbele ya jirani yake, na wote wawili waweke dole gumba. Kurasa nyingine waliendelea kuandika namba mpaka vita vilipotulia. Ule mmoja ulibaki na majina yake.

Alasiri Suzanne alikwenda kuketi kwenye mlango wake wa ziwani, akachukua ule wembe ambao haukuwa na kazi tena, akafumua pindo la kitenge. Alitaka kuitazama karatasi yake kwa mara ya mwisho. Ilitoka vipande vipande, imegandamana, imelowa mara mbili ziwani na mara nyingine nyingi kwa jasho la homa. Wino wote ulikuwa umeingia kwenye nguo. Halikubaki hata jina moja.

Aliukung'uta ule unga wa karatasi, akaingia ndani kuangalia kigololi.